Nguvu laini ya kampuni za teknolojia: maana yake na inavyofanya kazi

Nguvu laini ni uwezo wa nchi kuwavuta wengine wakubali inachokitaka bila kuwatisha kwa jeshi wala kuwalipa. Dhana hii ililetwa na Joseph Nye, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1990. Zamani ukiitaja, watu walifikiria filamu, redio za kimataifa na ufadhili wa masomo. Kampuni za teknolojia zimeongeza jambo ambalo filamu haina. Filamu ikiisha, mtazamaji anaenda zake. Lakini anayetumia barua pepe, ramani na simu anaishi kila siku ndani ya mfumo uliojengwa nchi nyingine, chini ya kanuni za huko.

Kampuni hizi si idara za serikali. Zina wanahisa wake na faida yake, na mara nyingi hugombana na serikali mahakamani. Uhusiano uliopo hupita katika njia zinazoonekana, na ni vizuri kuzitenganisha.

Kwanza ni watu. Juni 2009, wakati wa maandamano nchini Iran, Jared Cohen wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliiomba Twitter iahirishe matengenezo yaliyopangwa ili mtandao huo usizimike. Mwaka uliofuata alihamia Google kuongoza kitengo cha Google Ideas. Denmark nayo iliteua balozi wa teknolojia, Casper Klynge, mwaka 2017. Mwaka 2020 akaajiriwa na Microsoft. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Ila mtu anapohama, huhama na marafiki zake, namba zao za simu na namna yake ya kuitazama dunia.

Pili ni mikataba ya biashara. Mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza kutumika Julai 2020 unakataza, katika sura ya 19, kuilazimisha kampuni iweke seva (kompyuta zinazotunza data) ndani ya nchi kama sharti la kufanya biashara. Wawakilishi wa serikali ndio waliokaa mezani, lakini kifungu hicho kinazifaa sana kampuni za wingu, yaani zile zinazowatunzia wateja data kupitia intaneti.

Njia ya tatu ndiyo nzito zaidi: sheria. Machi 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act. Kampuni iliyo chini ya mamlaka ya Marekani ikipewa amri halali, inapaswa kutoa data iliyo mikononi mwake hata kama seva iko Ireland. China nayo ina Sheria ya Ujasusi ya mwaka 2017, ambayo kifungu chake cha 7 kinayataka mashirika na raia wasaidie kazi za ujasusi wa taifa. Vikwazo vina makali yake pia. Mei 2019 Huawei, kampuni ya China, iliwekwa katika orodha ya Marekani ya kampuni zinazohitaji kibali ili kuuziwa teknolojia ya nchi hiyo, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google. Oktoba mwaka huo Adobe, kampuni ya Marekani ya programu za kompyuta, ilitangaza kufunga akaunti za wateja wote wa Venezuela kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani, kisha ikarudi nyuma baada ya kupata kibali cha serikali hiyo. Hapo hatuzungumzii mvuto tena. Ni shuruti, na imepita katika bomba lilelile lililojengwa kwa mvuto.

Ndiyo maana nguvu hii huharibika haraka. Inategemea watu kuamini kwamba huduma haina bendera. Edward Snowden, aliyefanya kazi kwa mkandarasi wa upelelezi wa Marekani, alipofichua mwaka 2013 PRISM, mpango wa siri wa nchi hiyo wa kukusanya data kutoka kampuni za teknolojia, imani hiyo ilipasuka. Mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikatangaza kutoendelea na mkataba wake na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani. Julai 2020 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha utaratibu wa kupeleka data Marekani, kwa hoja kwamba sheria za upelelezi za huko haziwalindi watu wa Ulaya ipasavyo.

Taasisi inayotaka kujua imesimama wapi isianze na eneo la seva. Hilo ndilo kosa la kawaida. Ianze na kampuni mama: imesajiliwa nchi gani? Kisha isome vifungu viwili vya mkataba ambavyo wengi huviruka, kile cha sheria itakayotumika kwenye mgogoro na kile cha vikwazo na masharti ya kuuza nje, kwani ndicho hutumika kufunga akaunti. Ijaribu kuhamisha nakala kamili ya data yake katika fomati iliyo wazi, yaani inayosomeka na programu nyingine, na iangalie inachukua muda gani. Mwisho iulize nani anashika funguo za usimbaji, yaani zinazogeuza data kuwa maandishi yasiyosomeka na kuirudisha. Zikiwa kwa mteja peke yake, kampuni ikiamriwa itatoa maandishi yasiyosomeka. Lakini huduma inayotafuta maneno ndani ya nyaraka kwenye seva, au kuzitafsiri huko, kwa kawaida lazima izifungue ili ifanye kazi, na wakati huo ulinzi wa funguo haupo.