Nyota hafifu sio lazima iwe mbali: dhana potofu kuhusu jozi ya Luyten 726-8

Tuanze na ile sugu, kwamba nyota ikiwa hafifu basi iko mbali. Huku Mwanza watu wanaiamini hii kama wanavyoamini kwamba mbalamwezi ikitoka dagaa hamna, tofauti ni kwamba ya dagaa ni kweli na hii ya nyota siyo. Kuna nyota inaitwa Tau Ceti, ipo kwenye kundi la nyota la Nyangumi, mwezi wa Desemba kati ya saa mbili na saa nne usiku unainua tu kichwa inakuwa juu kabisa, imeinamia kusini kidogo, na kama mawingu ya ziwa hayajaleta fujo unaiona kwa macho bila shida. Umbali wake ni miaka ya nuru 11.9 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima). Sasa sogea pembeni yake, upana wa mwezi mzima mara nne au tano hivi, hapo kuna nyota mbili zinazoenda pamoja zinaitwa Luyten 726-8, ziko miaka ya nuru 8.7 tu, yani ni karibu kuliko Tau Ceti, na huzioni hata ukodoe macho mpaka asubuhi. Ni hafifu zaidi ya mara 200 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho la mtu linaweza kuikamata kwenye giza la kweli. Ni sawa na ukiwa Igombe usiku, taa ya mtumbwi wa dagaa huko katikati ya ziwa unaiona vizuri, ila sigara ya jamaa aliye nusu ya umbali huo hujui hata kama imewashwa. Tatizo ni kiasi cha mwanga unaotoka, umbali hauna kosa.

Na mwanga wenyewe ni mdogo kweli, ukizijumlisha zote mbili hazifiki hata asilimia 1 ya Jua. Ni vibete vyekundu, yani nyota ndogo zenye mwanga mwekundu hafifu. Hapo tena kuna wanaodhani nyekundu ndio moto zaidi, hapana, usoni zina kama nyuzi 2,500 za Selsiasi wakati Jua lina 5,500 hivi. Tuendelee.

Nyingine inayonichekesha: "hizo namba wanazitaja tu, uzito wa nyota utaupimaje, mizani wameiweka wapi?" Swali zuri kiukweli, ila jibu lipo na unaweza kulifanya kwa kikokotoo cha simu. Nyota ikiwa peke yake uzito wake ni shida kuupata, ila zikiwa mbili zinazungukana, mzunguko wenyewe unasema kila kitu, sababu kinachozishika ni uzito wao. Hizi zinamaliza mzunguko kwa miaka 26.5, na umbali wa wastani kati yao ni mara 5.5 ya ule wa Dunia na Jua. Chukua 5.5 uizidishe yenyewe kwa yenyewe mara tatu, unapata kama 166. Chukua 26.5 mara 26.5, unapata 702. Gawanya 166 kwa 702, inakuja 0.24 hivi, na hiyo ndio jumla ya uzito wao ukilinganisha na Jua. Kwahiyo kila moja ni kama 0.12 ya Jua. Basi. Kanuni ya Kepler na Newton, haina uchawi wala makisio ya kijiweni.

Kwa 0.12 hiyo kila moja imeizidi Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote za Jua letu, uzito zaidi ya mara 100, ila upana wake ni kama mara moja na nusu tu ya Mshtarii, yani zimeshindiliwa haswa. Kuhusu kugongana, watu wakisikia zinazungukana wanasubiri ajali. Zikikaribiana sana bado kuna nafasi zaidi ya Jua na Mirihi, zikiachana zinakaribia umbali wa Jua na Zohali, alafu zinarudi tena, hakuna anayemmeza mwenzake hapo.

Afu kuna ile ya kusema nyota ndogo itakufa mapema kwa kuwa mafuta ni kidogo. Ni kinyume kabisa, aisee. Kibete chekundu kinajikoroga chote kuanzia juu mpaka kiini, kwahiyo haidrojeni yake yote inatumika, na kinaichoma polepole mno, kinaweza kudumu matrilioni ya miaka wakati Jua letu jumla yake ni bilioni 10 hivi. Ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8 tu, ina maana hakuna kibete cha namna hii kilichowahi kufa kwa uzee.

Ila usidhani zimetulia kwa sababu ni ndogo. Mwanaastronomia Willem Luyten alizigundua 1948, na mwaka 1952 moja yao, ile inayoitwa UV Ceti, iliongezeka mwanga mara 75 ndani ya sekunde 20! Ni milipuko ya sumaku usoni mwake. Na hata siku hiyo ungekuwa umelala chali kwenye mawe ya Bwiru usingeona kitu kwa macho matupu, ndio ujue ilivyo hafifu. Kwahiyo ile nyota unayoiona inametameta na kubadilisha rangi chini karibu na ziwa sio mlipuko, ni hewa yetu tu inayochezacheza.

La mwisho, nyota mbili kukaa karibu angani hakuzifanyi kuwa jozi. Mwezi wa Mei angalia zile mbili kali zinazoelekeza kwenye Salibu, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba upande wa kusini, moja ni Rijili Kantori, miaka ya nuru 4.4, jirani yake Beta Centauri iko karibu 390, hazijuani kabisa. Ila Rijili Kantori yenyewe, ambayo unaiona kama nukta moja, ndani yake ni nyota mbili zinazozungukana kwa miaka kama 80, na wana mdogo wao wa tatu, Proxima, kibete chekundu, miaka ya nuru 4.24, ndio nyota iliyo karibu na sisi kuliko zote ukiacha Jua, na bila darubini huipati.