"Lakini faili ilikuwa na nywila": kwa nini jibu hilo halitoshi

Katika taarifa za uvujaji wa data ambazo taasisi hutuletea tuzipitie kabla hazijawasilishwa, kuna sentensi inayojirudia: "Kipakatalishi kimeibwa, lakini faili ilikuwa na nywila." Mwandishi wake kwa kawaida ni mtu mwaminifu: mhasibu wa SACCO, katibu wa shule ya bweni, daktari mwenye zahanati yake mtaani. Anaamini kuwa jambo limekwisha. Mara nyingi ndiyo kwanza linaanza. Maelezo yafuatayo ni ya elimu kwa umma; hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wako wala uamuzi wa Kamishna wa Data, afisa anayesimamia sheria ya ulinzi wa data nchini Kenya.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu waiandike sentensi hiyo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinamtaka mdhibiti wa data, yaani taasisi inayoamua data zitumike kwa nini na vipi, amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba mtu asiyeruhusiwa amezifikia au kuzichukua taarifa binafsi, ikiwa pana hatari halisi ya mhusika, yaani mwenye taarifa hizo, kudhurika. Mchakataji, yaani yule unayemkabidhi data azishughulikie kwa niaba yako, anapaswa kukuarifu wewe bila kukawia, na pale inapowezekana ndani ya saa 48. Saa 72 zikikupita, unaarifu vilevile na kuambatisha sababu za kuchelewa. Saa zinahesabiwa tangu ulipofahamu, si tangu bodi ilipokutana wala mkurugenzi aliporudi likizo. Taarifa ieleze aina ya uvujaji, hatua ulizochukua au unazokusudia kuchukua, ushauri kwa wahusika kuhusu namna ya kujikinga, utambulisho wa aliyeingia kama unajulikana, na jina na anwani ya afisa wa ulinzi wa data au mtu mwingine wa kuulizwa.

Wahusika wenyewe nao wanapaswa kuandikiwa. Hapo ndipo sheria inapotoa nafuu: huhitaji kuwaandikia ikiwa ulikwisha kuweka ulinzi unaofaa, na usimbaji wa data zilizoguswa, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo, umetajwa kuwa mfano wa ulinzi huo. Soma kwa makini. Nafuu hii inahusu kuwaarifu wahusika. Haisemi kwamba Kamishna naye asiarifiwe. Na kilichotajwa ni usimbaji. Nywila haikutajwa.

Nywila za faili haziko sawa. Ile unayoiweka kwenye karatasi ya Excel ili wenzako wasiharibu fomula haisimbi kitu. Microsoft wenyewe wanaeleza kuwa haikukusudiwa kuwa kinga ya usalama. Nywila ya PDF inayozuia kuchapisha au kunakili, huku faili ikifunguka bila kuulizwa lolote, ni ombi tu ambalo programu nyingine hulipuuza. Mbinu ya zamani ya kusimba faili za ZIP ilivunjwa na Eli Biham na Paul Kocher mwaka 1994, na hadi leo baadhi ya programu huitumia zisipoagizwa vinginevyo. Faili za Excel za muundo wa zamani, ule wa 1997 hadi 2003, kwa mpangilio wa kawaida zilitumia ufunguo wa biti 40. Hapo mwizi haihitaji nywila yako kabisa. Anazitafuta funguo zenyewe, nazo zote ni kama trilioni 1.1, kazi ambayo kompyuta za leo huimaliza. Kwa hiyo ukituandikia kwamba faili ilikuwa na nywila, tutakuuliza: nywila ya nini, katika programu gani, ya toleo lipi? Hatukusumbui. Bila majibu hayo hakuna anayeweza kusema kama nafuu ya kifungu cha 43 inakuhusu.

Tuseme programu ni ya kisasa na inasimba kweli. Bado nywila yenyewe si ufunguo. Programu huichukua, ikaichanganya na chumvi, yaani baiti za nasibu zinazokaa wazi ndani ya faili, kisha ikausaga mchanganyiko huo mara maelfu hadi utoke ufunguo. Chumvi humnyima mshambuliaji faida ya majedwali ya nywila zilizokwisha kusagwa aliyoyaandaa mapema. Kusaga humcheleweshea kila jaribio. Mwaka 1999, RSA Laboratories ilipotoa toleo la 2.0 la PKCS #5, kanuni za kusimba kwa nywila, lenye mbinu ya kusaga iitwayo PBKDF2, mizunguko 1,000 ya kusaga ilipendekezwa kuwa kima cha chini. Faili za Office tangu toleo la 2010 hutumia 100,000. OWASP, shirika la usalama wa programu, sasa inapendekeza 600,000 kwa PBKDF2 inayosaga kwa hesabu iitwayo HMAC-SHA-256. Namba zinapanda kwa sababu kadi za michoro, zilezile za vijana wa michezo ya kompyuta, hufanya kazi hii kwa kasi inayotisha. Ndiyo maana wataalamu wengi huipendelea mbinu ya kusaga iitwayo Argon2, mshindi wa shindano la Password Hashing Competition mwaka 2015: hiyo hudai kumbukumbu nyingi kwa kila jaribio, na kumbukumbu ni ghali.

Lakini mizunguko haiwezi kuiokoa nywila mbovu, na hapa ndipo tunapopishana na wananchi. Watu huniambia: "PIN yangu ya M-Pesa ina tarakimu nne tu na hainiletei shida." Ni kweli, kwa sababu kila jaribio hupitia kwenye mfumo wa kampuni, na mfumo hufunga baada ya makosa machache. Faili iliyoibwa haina wa kuifunga. Mwizi ameiweka kwenye mashine yake, anajaribu usiku na mchana, na hakuna ujumbe utakaokufikia.

Tufanye hesabu. Wengi hufunga orodha za wanachama au hati za mishahara kwa namba ya kitambulisho. Tarakimu nane zina michanganyiko milioni 100. Mashine inayojaribu mara 100,000 kwa sekunde itaimaliza yote kwa sekunde 1,000, yaani dakika 17 hivi. Tarehe ya kuzaliwa ni mbaya zaidi: miaka 100 yote ina siku 36,525, na mashine hiyo haifikishi hata nusu sekunde. Isitoshe, namba ya kitambulisho si siri. Umeiandika kwenye daftari la mlinzi katika kila jengo uliloingia mjini.

Methali hazisaidii. "Harakaharakahainabaraka" ni ndefu, ndiyo, lakini imechapishwa kila mahali, na wanaovunja nywila hukusanya misemo inayojulikana. Kinachotafutwa ni unasibu. Shirika la EFF la Marekani lilitoa mwaka 2016 orodha ya maneno 7,776 ambayo unachagua kwa kurusha dadu tano kwa kila neno. Maneno manne hutoa michanganyiko ambayo mashine inayojaribu mara milioni moja kwa sekunde itahitaji takriban miaka 116 kuimaliza. Matano, takriban miaka 900,000. Orodha ni ya Kiingereza, lakini hakuna kinachokuzuia kutengeneza yako ya maneno ya Kiswahili, mradi dadu ndizo zichague, si wewe.

Kubadilisha nywila baada ya wizi? Badilisha, lakini elewa kwamba unailinda nakala iliyobaki kwako. Iliyo mkononi mwa mwizi inafunguka kwa nywila ya zamani milele. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hifadhi za nywila za wateja wa LastPass, kampuni ya kutunza nywila. Baadhi ya akaunti za siku nyingi zilikuwa bado na mizunguko 5,000 au pungufu, ingawa mpangilio wa kawaida wa kampuni ulikwisha kufika 100,100. Kuongeza mizunguko baadaye hakukuzigusa nakala zile. Na wale wanaobadilisha nywila kila siku 90 wakidhani wanatimiza kanuni za kimataifa: NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kupendekeza hivyo mwaka 2017. Watu walikuwa wakiongeza tu namba 1, kisha 2, mwishoni mwa nywila ileile.

Tafadhali pia msitume faili na nywila yake kwenye kundi moja la WhatsApp. Nashangaa kwamba bado inabidi kulisema hili. Piga simu, umtajie mwenzako nywila kwa mdomo.

Na msituletee faili mliyosahau nywila yake mkitarajia tuifungue. Hatuna ufunguo mkuu. Kama usimbaji ni mzuri, hakuna aliye nao.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa tunaulizwa sana. Mhusika akilalamika, Kamishna anapaswa kuchunguza na kuhitimisha ndani ya siku 90. Akiona kosa anaweza kutoa notisi ya utekelezaji inayokuagiza urekebishe, kwa muda usiopungua siku 21. Kuipuuza bila sababu ya msingi ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Notisi ya adhabu ni kitu tofauti. Kiwango chake cha juu ni shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka wa fedha uliotangulia, kiasi kilicho kidogo zaidi. Usiporidhika, unakata rufaa Mahakama Kuu.

Kama hujui programu ya ofisi yako inasimba kwa mbinu gani na kwa mizunguko mingapi, muulize aliyeiuza, kwa maandishi. Weka jibu lake kwenye jalada pamoja na tarehe ulipolipokea, kwa kuwa ndiyo karatasi ya kwanza utakayoombwa kipakatalishi kikiibwa.