Ngumi, mieleka na ketelibeli: maswali ninayoulizwa jimu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mchana nashughulika na migongo, magoti na mabega ya watu. Jioni tatu kwa wiki nafanya mazoezi kwenye jimu ya mtaani huku Sinza, Dar es Salaam, chumba kimoja chini ya bati, chenye mikeka ya sponji, mafeni mawili na safu ya ketelibeli ukutani. Wenzangu wakishajua kazi yangu hunivizia wakati wa kunywa maji. Maswali haya ni yao. Nayajibu hapa kwa kuwa dakika moja ya kupumzika kati ya raundi haitoshi.

Hii MMA, yaani mapigano mchanganyiko, ina tofauti gani na ngumi tulizozoea?

Ngumi tunazozijua, zile za akina Rashid Matumla na Francis Cheka, ni za mikono tu, na mtu akianguka mwamuzi anasimamisha. Kwenye MMA mnapigana mmesimama kwa ngumi, mateke, magoti na viwiko, mnakamatana na kuangushana kama wanamieleka na wachezaji wa judo, kisha mnaendelea hukohuko chini mkitafutana kabali. Shindano la kwanza la UFC, kampuni inayoandaa mapambano ya MMA, lilifanyika Denver, Marekani, Novemba 1993, likiwa na masharti machache mno. Leo kuna kanuni: raundi za dakika 5, kwa kawaida 3, au 5 wakigombea mkanda, na orodha ndefu ya mapigo yaliyokatazwa.

Ila wengi wanaokuja jimu hawatapanda ulingoni hata siku moja, na mimi ni mmojawapo. Tunapiga begi, tunapiga pedi anazovaa kocha mikononi, tunajifunza kuanguka bila kuvunjika mkono. Kufanya mazoezi si kupigana, na majibu yangu mengi yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Na ketelibeli ina nini ambacho vyuma vya kawaida havina?

Ni chuma cha mviringo chenye mpini juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Asili yake ni Urusi, ambako kilitumika kama jiwe la mizani kupimia nafaka. Kipimo chao cha zamani, pudi, ni kilo 16 na ushee, ndiyo maana mpaka leo utakuta namba 16, 24 na 32. Uzito wake unaning'inia nje ya kiganja, kwa hiyo kila unapokirusha mwili mzima unafanya kazi ya kukidhibiti. Moyo unaenda mbio kama wa mtu anayekimbia, na papo hapo makalio, mapaja na mgongo vinajengeka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku 2 au zaidi za kujenga misuli. Kwa mtu anayetoka kazini Posta jioni na kukaa kwenye foleni hadi giza liingie, kifaa kinachomalizia yote mawili ndani ya nusu saa ni msaada mkubwa.

Nikifanya bembea ya ketelibeli, kiuno kinauma siku mbili. Niache?

Usiache zoezi, badilisha unavyolifanya. Karibu kila mwenye tatizo hili niliyemtazama anachuchumaa na kunyanyua chuma kwa mikono na mgongo. Bembea ni zoezi la nyonga. Fikiria umebeba ndoo ya maji mikono yote miwili na unasukuma mlango wa bafuni kwa makalio: magoti yanakunja kidogo tu, makalio yanarudi nyuma, mgongo unabaki umenyooka kama ubao. Kisha unasimama ghafla kwa kukaza makalio, na chuma kinapaa chenyewe hadi usawa wa kifua. Mikono ni kamba tu. Kikishuka, usikiwahi kuinama. Subiri mikono iguse mapaja ndipo urudishe nyonga.

Mwanamke anayeanza ashike kilo 8, mwanaume kilo 12. Najua kaka zangu hawapendi kusikia hivyo mbele ya wenzao, lakini kilo 24 mikononi mwa mtu ambaye bado hajajua kukunja nyonga ndiyo inayomleta kwangu kliniki. Mizunguko 5 ya mara 10, ukipumzika kila mzunguko hadi uweze kuongea sentensi nzima, inatosha kwa wiki mbili za kwanza.

Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, kaonwe. Ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma kutoka au ukatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Shikamoo dokta. Nina miaka 47, nina presha, na kitambi ndiyo hiki. Naruhusiwa?

Marahaba. Mimi si dokta, ila jibu ni ndiyo, na unahitaji mazoezi kuliko vijana hawa. Pima kwanza. Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu inahitaji kufuatiliwa. Ikifika 180 kwa 110 usianze kunyanyua chochote kizito kabla ya tiba kuishusha. Ukishaanza, usibane pumzi: toa hewa wakati wa kunyanyua, kwa sababu kubana pumzi kunaipandisha presha ghafla. Dawa usiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide apime sukari kabla ya mazoezi na aweke glukosi au soda yenye sukari kwenye begi. Kutetemeka na jasho la baridi anaweza kudhani ni uchovu, kumbe sukari imeshuka.

Ukibanwa na kifua, au ukizimia katikati ya mazoezi, hata ukizinduka mara moja, mazoezi yamekwisha mpaka moyo uchunguzwe. Hapa mjini tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Nilipigwa kichwani nikaona nyota, baadaye ikaisha. Kuna shida?

Ipo, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu.

Ubongo ni laini na unaelea ndani ya maji yake kwenye fuvu. Ngumi ikikigeuza kichwa ghafla, fuvu linasimama na ubongo unaendelea kwenda na kujipinda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi wanaoupata hawazimii. Wanaona nyota, wanapepesuka, wanasahau raundi iliyopita, wanapata kichefuchefu, wanakereka na mwanga, au wanakuwa wazito kujibu. Picha ya CT inaweza kutoka safi kabisa na mtu bado ana mtikisiko.

Niliwahi kusimama kando ya mikeka jimu moja nikashuhudia kijana amepigwa teke la shavu, akamwagiwa maji kichwani, akaambiwa "komaa", akarudishwa. Nilinyamaza. Bado inaniuma. Ubongo uliokwishatikisika unapopigwa tena kabla haujapona, madhara yanaweza kuwa makubwa kupita kiasi, hasa kwa vijana. Misuli ikisumbuliwa na kupumzishwa inakua, goti linazoea. Ubongo hauzoei. Msemo wa "kichwa kigumu" hauna maana yoyote kitabibu. Tangu 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia waliozeeka wakitembea na kuongea kama walevi, na yaliyogunduliwa baada yake yameonyesha kwamba hata mapigo madogomadogo yasiyoangusha mtu huhesabika yakirundikana kwa miaka.

Fanya hivi. Ukishuku tu, toka, na usirudi siku hiyo hata ukijisikia mzima. Siku 1 hadi 2 za mwanzo pumzika, tembea taratibu nyumbani, punguza simu. Kisha panda ngazi: kutembea kwa kasi, kukimbia pole, kupiga begi, mazoezi ya kukamatana bila kupigana, kila ngazi siku moja au zaidi, na dalili zikizidi unarudi ngazi ya nyuma. Kupigana kwa mazoezi kunarudi baada ya daktari kukuruhusu. Kwa maumivu meza paracetamol. Aspirini, diclofenac na ibuprofen ziache mwanzoni, maana zinaweza kuongeza damu kuvuja.

Mtu akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akapata degedege, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, upande mmoja ukalegea, au akalala na kushindwa kuamshwa, msitafute bajaji ya kumpeleka kwao. Mpelekeni hospitali: Mwananyamala, Amana au Temeke, iliyo karibu. Kesi za upasuaji wa ubongo hupelekwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili.

Na kofia ya kujikinga? Inazuia kuchanika ngozi. Haizuii ubongo kutikisika. Kinga halisi ni kupunguza mapigo ya kichwa: glovu za aunsi 16, nguvu nusu, na wiki nyingi bila kugusana kichwani kabisa. Kocha anayewapambanisha wageni wiki ya kwanza mkimbie.

Kabali inaua?

Inayobana pande mbili za shingo inakatisha damu ya ubongo, na mtu huzimia ndani ya sekunde kama 10. Ndiyo maana unagonga mkeka au mwili wa mwenzako kwa kiganja mapema, kuonyesha umekubali, kabla macho hayajaanza giza, na mwenzako anaachia papo hapo. Hilo ndilo somo la kwanza, kabla ya ngumi. Baada ya kabali, sauti ikikauka, shingo ikiuma upande mmoja, jicho likififia au mkono ukilegea, usisubiri asubuhi.

Nimetoka choa shingoni. Ni mikeka?

Inawezekana, au ngozi ya mwenzako. Fangasi wa choa, majipu na malengelenge ya hepesi hupenda sana mchezo wa kukumbatiana kwenye joto kama letu. Paka dawa ya fangasi hadi siku kadhaa baada ya alama kupotea, na usiingie mkekani mpaka kipone au daktari akuruhusu. Taulo ni la mtu mmoja. Kucha ziwe fupi, oga mara umalizapo, na mikeka ioshwe kila siku kwa maji ya klorini. Damu ikidondoka, mchezo unasimama, inafutwa kwa glovu na klorini. Homa ya ini B huambukiza kwa damu kirahisi kuliko VVU. Chanjo yake imo kwenye ratiba ya watoto nchini tangu 2002, hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata. Ulizia dozi 3 za watu wazima.

Januari humu ndani ni tanuru. Ninywe nini?

Maji, na chumvi. Jipime uzito kabla na baada: kilo uliyopoteza ni takriban lita moja ya jasho. Mazoezi yakizidi saa moja, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake ni kidogo. Anayechanganyikiwa kwa joto mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mengi ya baridi mwilini huku gari likitafutwa.

Mkojo wenye rangi ya kola siku moja au mbili baada ya mazoezi makali ni dharura: misuli imebomoka na mabaki yake yanaumiza figo. Humpata zaidi mgeni aliyelazimishwa mamia ya bembea siku ya kwanza. Waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu (sikoseli), ambao ni wengi nchini na hawajijui, wako hatarini zaidi wakisukumwa kwenye joto. Kipimo chake ni cha damu tu. Ukikijua, unaanza pole, unapumzika zaidi, na kocha anaambiwa.

Nina shindano, nataka kushusha kilo 5 kwa siku tatu.

Usifanye hivyo. Mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki tano wakikausha maji mwilini ili watimize uzito. Kukimbia umejifunga nailoni pale Coco Beach saa saba mchana ni jambo hilohilo. Zaidi ya hapo, ubongo unaoingia ulingoni ukiwa umekauka si ubongo wa kupigwa. Pigana uzito wako.

Mwezi wa Ramadhani?

Saa moja ya mwisho kabla ya futari kwa mazoezi mepesi, au baada ya tarawehe kwa mazito. Kupigana kwa mazoezi kusubiri hadi uwe umekunywa maji.

Mwanangu ana miaka 13, anataka kuja na mimi.

Mlete, mama. Ajifunze kuanguka, judo na kukamatana. Apige pedi anavyotaka. Kupigwa kichwani hapana, hata kwa utani, hata akisisitiza kocha. Ketelibeli ya kilo 4 au 6 anaweza kushika akisimamiwa. Ile imani kwamba vyuma vinamdumaza mtoto haina ukweli, mradi anafundishwa na hashindanishwi uzito na kaka zake.