Helmeti ya kuchomelea ya otomatiki: yanayosemwa vijiweni na ukweli wake

Mashine ndogo za inveta zimeshuka bei, na siku hizi mtu ambaye si fundi anaweza kujitengenezea geti, stuli au banda la kuku uani kwake. Akinunua mashine hununua na helmeti ya otomatiki, ile ambayo kioo chake hujitia giza moto unapowaka. Ushauri wa kuichagua na kuitunza huupata bure, na sehemu kubwa ya ushauri huo humfanya aogope kisichomdhuru huku kinachomdhuru akikipita bila kukitazama.

"Kioo kikichelewa kuwa cheusi, macho yameshaungua"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu waziogope helmeti za otomatiki na kung'ang'ania kioo cheusi cha zamani.

Kioo cha otomatiki kina kazi mbili zinazofanywa na sehemu mbili tofauti. Mbele kabisa kuna kioo chenye matabaka membamba mno yanayozuia mionzi ya urujuanimno (UV) na ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Tabaka hizo hazitumii umeme. Betri iwe imekufa, helmeti iwe imezimwa, bado zinazuia. Nyuma yake kuna fuwele kimiminika, jamaa ya zile za kioo cha saa ya dijitali, na hizo ndizo zinazotiwa giza na umeme. Kazi yake ni kupunguza mwanga unaoonekana, basi.

Sasa yale maumivu ya usiku, macho yanapohisi kama yamejaa mchanga na machozi hayakauki, yanaletwa na urujuanimno. Kioo halisi kikigoma kujitia giza utapigwa na mwanga mkali, utaona madoa mbele yako kwa muda, na unatakiwa kusimamisha kazi papo hapo. Lakini urujuanimno haukupita hapo. Nasema kioo halisi kwa makusudi. Kioo cha bandia hakina cha kukuahidi, kiwe cheusi kiasi gani.

Basi yanatoka wapi maumivu? Mara nyingi pembeni. Mwenzako anachomelea hatua tatu kutoka ulipo, nawe umeinua helmeti unapanga vyuma. Au umeegemea ukuta mweupe, au una mabati mapya nyuma yako, na mwanga unarudi na kuingia kwa nyuma, kati ya helmeti na shavu. Au umesema "nagusa hapa kidogo tu," ukafumba macho ukagusa. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya 6 na 12, na kufikia hapo umeshasahau kile kitendo cha mchana. Lawama anabebeshwa helmeti.

Kwa sababu hiyo hiyo, kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isikuzuzue. 1/25,000 ya sekunde au 1/10,000, zote ziko mbali sana chini ya muda wa kupepesa jicho. Ukiwa na kazi yenye vidoti mamia kwa siku, yaani miguso mifupi ya moto ya kushikiza vyuma, kasi kubwa hupunguza uchovu wa macho. Kwa anayechomelea Jumamosi tu, pesa ya ziada aipeleke kwenye ubora wa kioo chenyewe.

"Namba nyingi ndio ubora"

Geuza kioo utazame mhuri uliochapwa pembeni, kwa mfano 4/9-13 kisha alama ya mtengenezaji kisha 1/1/1/2. Watu huupita mhuri huu, nao ndio unaosema mengi kuliko boksi zima.

4 ni giza la kioo kikiwa kimetulia, na 9-13 ni giza lake kikifanya kazi. Zile namba nne za mwisho ni madaraja ya kiwango cha Ulaya EN 379, ambacho bado kimechapwa kwenye helmeti nyingi ingawa EN ISO 16321 imeshachukua nafasi yake. Ya kwanza inahusu kama kioo kinapindisha picha, ya pili kama kina ukungu, ya tatu kama giza limeenea sawasawa, ya nne kama giza linabaki vilevile ukitazama kwa pembe. Daraja bora ni 1, la chini ni 3. Kwa hiyo 1/1/1/1 inaishinda 1/2/2/3, kinyume na anavyodhani mnunuzi anayehesabu kama matokeo ya mpira. Za Marekani utaona Z87, alama ya kiwango chao.

Na ile 4 ya mwanzo usiidharau. Kioo cha 4 kinapitisha takriban asilimia 5 ya mwanga, cha 3 kinapitisha karibu asilimia 14. Tofauti ya namba moja ni karibu mara tatu ya mwanga, na ukiwa ndani ya kibanda chenye taa hafifu unatafuta ncha ya rodi ilipo, utaijua tofauti hiyo.

"Weka 13 uwe salama zaidi"

Urujuanimno unazuiwa vilevile ukiwa kwenye 9 au 13, kama tulivyoona. Namba inapanga mwanga unaoonekana tu. Ukichomelea kwa rodi ya 2.5 mm kwenye ampea 70 au 80 huku umeweka 13, huoni dimbwi la chuma kilichoyeyuka wala mstari unaoufuata. Utainamisha kichwa kusogea karibu, na hapo pua yako iko ndani ya moshi.

Kwa rodi, kati ya ampea 60 na 160, mwongozo wa usalama kazini wa Marekani unaweka 8 kuwa mwisho wa chini na kupendekeza 10. Kwa MIG, ile mashine inayosukuma waya badala ya rodi, ya ampea hizo hizo mwisho wa chini ni 10. Anza na giza zaidi, teremka namba moja moja hadi uone dimbwi na kingo zake vizuri, usivuke mwisho wa chini. Miwani ya kukatia kwa gesi, ambayo kwa kawaida ni 5, haifai kabisa kwa umeme. Miwani ya jua hata tusiijadili.

Kuna vitufe vingine viwili. Wepesi wa sensa, vile vijicho vya mbele vinavyohisi moto, upunguze ukiwa nje juani, la sivyo kioo kitajifunga kabla hujagusa chuma; uongeze kwa TIG (ya sindano ya tangsteni na gesi) ya ampea ndogo. Ucheleweshaji ni muda kioo kinaobaki cheusi baada ya moto kuzimika: rodi nene ikiacha chuma chekundu, urefushe. Ukiingia chini ya bomba au nyuma ya fremu, angalia sensa zisifunikwe. Yenye sensa nne husamehe zaidi kuliko yenye mbili.

Kitufe cha kutisha ni kile cha grainda. Kikiwa kwenye kusaga, kioo hakijitii giza hata kidogo. Umemaliza kusaga, umechukua rodi, umesahau. Zoea kukigusa kwa kidole kila unapobadili kazi.

"Ya sola haina habari ya betri"

Nyingi zina zote mbili. Kipande cha sola kinasaidiwa na betri ya lithiamu, ama ya kubadilishwa kama CR2032 au CR2450, ama iliyozibwa ndani. Ya kuzibwa ikifa, kioo kimekwisha. Uliza kabla ya kulipa, na angalia mfuniko wa betri kwa macho yako. Kuiacha siku nzima kwenye dashibodi ya gari eti ichaji ni kuikaanga. Fuwele zina kikomo chake cha joto, kwa kawaida nyuzi 55 hivi.

"Ikiwa na ukungu, ifute na tina"

Tina, petroli na asetoni hupasua plastiki ya polikabonati kwa nyufa nyembamba. Maji, sabuni laini na kitambaa laini vinatosha, na kioo chenyewe usikichovye. Cheche hazilengi kioo ghali, zinalenga kile kiplastiki cha mbele ambacho ni cha bei ndogo na kimewekwa hapo ili kiharibike. Kikijaa vidoti, badilisha. Nunua kadhaa siku ile ile unayonunua helmeti, maana vipimo havifanani na duka linaweza lisivilete tena. Na kama helmeti mpya inaonyesha kila kitu kwa ukungu, jaribu ukucha kwenye kona ya kiplastiki: mara nyingi ile karatasi ya nailoni ya kiwandani bado imebandikwa.

Kujaribu sensa, washa kiberiti cha gesi mbele yake au bonyeza rimoti ya runinga; helmeti nyingi zitaitikia. Kipimo hicho kinaonyesha sensa ziko hai. Hakisemi lolote kuhusu urujuanimno, na nyumbani huna namna ya kuupima, ndiyo maana mhuri na duka la kuaminika vina maana. Kioo kilichopasuka, kinachopepesa katikati ya kazi, au chenye upande mmoja mweupe kuliko mwingine, kitoe.

Chini ya helmeti vaa miwani safi ya kinga. Ukiinua kugonga gamba la rodi, vipande vya moto huruka usoni, na helmeti wakati huo iko utosini.

Kiazi na maziwa

Aliyeungua macho huambiwa aweke kiazi kibichi, na aliyevuta moshi anywe maziwa. Kiazi kwenye jicho lenye michubuko huongeza uchafu. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni, na moshi wa bomba lililopakwa zinki huleta homa hata kwa aliyekunywa lita nzima. Saga zinki itoke kwanza, fanya kazi penye hewa. Macho kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini nenda kliniki ya macho yapimwe, maana huenda kuna kipande cha chuma ndani. Matone ya ganzi aliyowahi kupewa mwenzako usiyaazime: ukiyatumia mfululizo yanazuia jicho kupona.