Kimbunga Kimepita, Mbona Watu Bado Wanakufa? Maswali na Majibu

Katika kimbunga, kinachoua zaidi si upepo?

Hapana, ni maji. Edward Rappaport wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani alichambua vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini humo kuanzia 1963 hadi 2012. Takriban vifo 9 kati ya 10 vililetwa na maji, na karibu nusu ya vifo vyote vilitokana na bahari iliyosukumwa na upepo hadi nchi kavu.

Basi mbona vimbunga hupangwa madaraja kwa upepo?

Mizani ya Saffir-Simpson, kuanzia daraja la 1 (kilomita 119 kwa saa) hadi la 5 (kilomita 252 na zaidi), hupima kasi ya upepo tu. Haisemi bahari itapanda kiasi gani. Kimbunga Katrina kilifika pwani ya Mississippi, Marekani, mwezi Agosti 2005 kikiwa daraja la 3, lakini kikainua maji zaidi ya mita 8 katika baadhi ya maeneo. Kimo cha maji hutegemea pia upana wa kimbunga, kina cha bahari karibu na ufuko na umbo la pwani. Kwa hiyo ukiambiwa uhame, hama, hata kama daraja linaonekana dogo.

Idadi ya waliokufa hupatikanaje?

Hapa ndipo utafiti umebadilisha mambo. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico Septemba 2017, na kwa miezi mingi takwimu rasmi ilibaki watu 64. Watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington wakafuata njia nyingine: walilinganisha vifo vyote vilivyotokea hadi Februari 2018 na vile ambavyo vingetarajiwa kama kimbunga kisingepiga. Wakapata vifo vya ziada 2,975, na serikali ya kisiwa ikaikubali hesabu hiyo Agosti 2018. Wazee na wakazi wa maeneo maskini ndio waliokuwa hatarini zaidi. Umeme ulikatika kwa miezi, barabara zikafungwa, matibabu yakasimama; daktari anayejaza cheti cha kifo huandika "moyo" au "kisukari", haandiki "kimbunga".

Mwaka 2024, watafiti Rachel Young na Solomon Hsiang walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa vimbunga 501 vilivyopiga Marekani kati ya 1930 na 2015. Kwa makadirio yao, kimbunga cha wastani huchangia vifo kati ya 7,000 na 11,000, vikitawanyika kwa miaka hadi 15. Takwimu za serikali huhesabu wastani wa vifo 24 tu. Katika makadirio ya watafiti hao wamo watoto wachanga ambao mimba zao zilikuwa hazijatungwa siku kimbunga kilipopiga. Huenda sababu ni akiba kuisha, familia kutawanyika au msongo wa muda mrefu; mnyororo kamili bado unachunguzwa. Ni makadirio ya kitakwimu, si orodha ya majina, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kutembea kwenye maji ya mafuriko kuna ubaya gani?

Maji hayo hubeba kinyesi, mafuta na mkojo wa panya, ambao huleta homa ya mgunda. Dalili zake (homa, kichwa kuuma, maumivu ya misuli hasa ya miguu, macho mekundu) zinaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, hivyo mwambie daktari kwamba ulikanyaga mafuriko. Bakteria wa vibrio wanaoishi kwenye maji ya chumvi huingia kupitia kidonda, na ni hatari zaidi kwa mwenye ugonjwa wa ini. Osha kila mchubuko kwa sabuni na maji safi. Kidonda kikivimba haraka, kikitoa malengelenge na kuuma kupita kiasi, usisubiri kesho. Ulizia pia chanjo ya pepopunda.

Kuchemsha maji ya kunywa huua vijidudu. Hakuondoi chumvi wala mafuta.

Na jenereta?

Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huko Louisiana, Marekani, baada ya kimbunga Laura mwaka 2020, hewa hiyo ilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani. Barazani ni karibu mno. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Mgonjwa wa kudumu ajiandaeje?

Aweke dawa za wiki mbili au zaidi kwenye mfuko usiopitisha maji, pamoja na nakala ya maagizo ya daktari. Aina nyingi za insulini zikishafunguliwa hustahimili takriban siku 28 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Zisiguse barafu moja kwa moja, zikiganda zimeharibika. Anayesafishwa damu kwa mashine aulize kituo chake mapema atahamishiwa wapi umeme ukikatika.