Karanga mbichi na nguvu za kiume

Sokoni Tabora, wengi hununua karanga mbichi wakiamini zinaamsha nguvu za kiume usiku uleule. Kweli, gramu 100 zina takribani gramu 3 za arjinini, malighafi ya nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu ili uume usimame. Ila kwa kawaida neva ya uume, inayounda gesi hiyo, ina arjinini ya kutosha tayari. Kinachoamua ni amri: msukumo wa neva hufungua njia za kalisiamu, kalisiamu hushikana na protini ya kalmodulini, ndipo kimeng'enya huanza kuunda gesi. Kalisiamu ikishuka, kazi husimama. Gesi yenyewe hudumu sekunde chache, haiwekwi akiba. Kisukari kikishaharibu neva, amri haifiki, hata utafune debe zima. Mwenye tatizo apime sukari na presha kwanza. Na muhogo mchungu mbichi, unaotafunwa pamoja na karanga, una sumu ya sianidi.