Kama Umeshaviosha, Mimi Unaniitia Nini?

Wiki hii nimeisikia mara tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. "Fundi, mashine ya kuosha vyombo haioshi vizuri. Na mimi huwa naviosha kabisa kwa mkono kabla ya kuviingiza, nisiisumbue." Mama wa watu aliyasema hayo kwa fahari, kama mtu anayeeleza anavyomuuguza mgonjwa wake. Nikazitazama sahani zilizokuwa kwenye sinki zikisubiri zamu. Zilikuwa safi kuliko za kwangu nyumbani.

Imani hii ya kuisaidia mashine inatokana na kudhani kwamba mashine ya kuosha vyombo ni sinki lenye mlango: maji safi yanaingia, yanavimwagikia vyombo, yanatoka. Sivyo hata kidogo. Mashine nyingi za siku hizi hutumia kama lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mzima wa kuosha, na kila zinapojaza huchukua lita 3 au 4 tu. Hizo lita chache zinakaa kwenye kisima kilicho chini, pampu inazivuta kupitia chujio, inazisukuma kwenye mikono inayozunguka, zinarushwa, zinaanguka, zinavutwa tena. Maji ni yale yale. Na hakuna kinachosugua. Josephine Cochrane, aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine yake huko Marekani mwaka 1886 baada ya kuchoka kuona vyombo vyake vya kaure vikimeguka mikononi mwa watumishi, alivipanga vyombo kwenye vitundu vya waya akayaachia maji yenye msukumo kazi yote. Sisi bado tunashika sponji kwanza.

Sasa nisieleweke vibaya, maana nikisema "usivioshe" kuna mtu ataingiza sahani ikiwa na mifupa yake. Kukwangua ni lazima. Mifupa, mbegu, maganda, vijiti vya meno, na zile karatasi za chapa zinazobanduka kwenye chupa, vyote viende pipani. Ninachokataa ni kusuuza na kusugua. Utando wa mafuta, mchuzi uliokauka, yai lililogandia kwenye uma: hivyo viache. Ndiyo kazi ya mashine.

Sababu ya kwanza ni kihisi. Mashine nyingi zenye programu ya kujiamulia zina kijitaa karibu na kisima kinachopenyeza mwanga ndani ya maji, na upande wa pili kuna jicho linalopima kiasi cha mwanga kilichopita. Maji yakiwa machafu, mwanga unapungua, na mashine inaongeza muda, maji au joto. Maji yakiwa meupe, inasema moyoni: hapa hakuna kazi. Inafupisha, inapunguza joto, pengine hata maji ya kusuuzia ya mwanzo haiyamwagi, inaendelea nayo hayo hayo. Ukiviosha kwanza, umeidanganya. Lakini ule utando mwembamba wa mafuta ambao jicho lako halikuuona bado upo, na safari hii unaoshwa na maji ya vuguvugu kwa muda mfupi.

Sababu ya pili ni sabuni yenyewe. Humo ndani kuna vimeng'enya: vya kuvunja protini na vya kuvunja wanga. Zamani kemikali ziitwazo fosfati zilibeba sehemu kubwa ya mzigo. Umoja wa Ulaya ulizibana kwenye sabuni za mashine za nyumbani kuanzia Januari 2017, na kwingineko pia zimepunguzwa, kwa hiyo sabuni ya leo inavitegemea vimeng'enya kuliko ya zamani. Na kimeng'enya hakina haraka. Kinataka maji ya moto wa wastani na muda wa kutosha. Ndiyo maana programu ya gharama nafuu inachukua saa tatu na bado inatumia umeme kidogo kuliko ile ya nusu saa yenye maji ya moto sana: kinachokula umeme ni kuchemsha maji, siyo kuyazungusha. Kila ninapoambiwa "saa tatu zote hizo, si inakula umeme!" nahesabu kimya kimya hadi kumi.

Hapa nikiri jambo. Kuna mashine zisizo na kihisi hicho, na hata zenye nacho huwa hakibadilishi kitu ukichagua programu yenye muda maalumu. Huko kusuuza kwanza hakuharibu chochote, ni kumwaga maji bure tu. Na sufuria iliyoungua ukoko? Nailoweka mwenyewe usiku kucha, sioni aibu.

Turudi kwa yule mama. Nilitoa kikapu cha chini, nikazungusha chujio, nikalichomoa. Akashtuka: "Kumbe hilo linatoka?" Miaka minne ameishi na mashine hiyo. Chujio lilikuwa na ngozi ya mafuta ya kijivu, nene, na chini yake vipande vya karatasi za chapa. Mashine iliyokuwa inadanganywa kila siku kwamba vyombo ni safi haikuwahi kupata moto wa kuyayeyusha mafuta yake yenyewe. Yaliganda kidogo kidogo. Pampu ikawa inavuta kwa taabu, mikono ikawa inazunguka kivivu.

Chujio linaoshwa kwa maji ya moto, sabuni ya kawaida ya vyombo na mswaki laini, kila wiki mbili au tatu. Lirudishe likaze hadi lisikike limeshika. Likikaa kombo, uchafu unapita pembeni na kuziba mikono. Mikono nayo ichomoe, itikise uone kama kuna kitu kinacheza ndani, zibua matundu kwa kijiti. Ukitaka kujua kama mkono unazunguka, uelekeze upande fulani kabla ya kufunga mlango, washa dakika moja, zima, fungua. Ukiukuta pale pale ulipouacha, ama umeziba, ama kuna mpini wa sufuria unaukinga. Kidonge cha sabuni kiwekwe kwenye kijisanduku chake cha mlangoni. Ukikitupa chini kwenye tundu la mashine, kitayeyuka kwenye maji ya kwanza na kumwagwa pamoja nayo. Na sahani kubwa isisimame mbele ya kifuniko cha kijisanduku hicho. Basi, hayo yametosha.

Kwenye glasi zenye ukungu ndipo ninapokosana na watu zaidi. Kila glasi iliyopauka inaitwa "chokaa", na kila chokaa inamwagiwa siki. Kuna magonjwa mawili hapa, na yanafanana kwa sura tu. La kwanza kweli ni chokaa: kalsiamu na magnesi kutoka kwenye maji magumu, yaani yenye madini hayo mengi, zimekauka juu ya glasi. La pili ni glasi yenyewe kuliwa. Joto, sabuni kali ya alkali na maji laini mno huondoa madini kwenye uso wa glasi, ukabaki na makovu madogo yasiyohesabika. Dondoshea tone la siki au ndimu kwenye sehemu yenye ukungu, subiri dakika chache, futa. Ukungu ukitoka, ni chokaa. Pakibaki vile vile, glasi hiyo haitarudi, acha kuitesa.

Ubaya ni kwamba tiba ya moja huchochea nyingine. Mwenye chokaa anahitaji maji laini zaidi: ajaze chumvi, apandishe kipimo cha kilainisha maji, kile kifaa cha ndani ya mashine kinachoyakamata madini hayo. Mwenye glasi zilizoliwa anahitaji kupunguza kipimo hicho, apunguze joto na sabuni. Nimewahi kumshauri mtu apandishe kipimo kwa kutazama tu, bila kufanya jaribio la siki. Glasi zake zikazidi kufifia, na nilistahili maneno niliyopewa. Hata sasa, seti mbili za glasi huoshwa ndani ya mashine moja, moja ikafa na nyingine ikadumu miaka, na ukiwa dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Hiyo chumvi, kwa taarifa, haioshi kitu. Kazi yake ni kuzifufua punje za kilainisha maji, zitemee mfereji kalsiamu zilizoikamata. Usiweke chumvi ya mezani, maana ni laini mno na mara nyingi imechanganywa na vitu vya kuizuia isigande. Na kama mashine yako haina kilainisha maji, usitafute pa kuitia.

Siki nayo? Kikombe kimoja ndani ya mashine tupu mara moja moja, sawa. Lakini usiifanye mbadala wa dawa ya kung'arisha kwenye kijitundu chake. Itakaa humo wiki nzima ikigusa mipira isiyoipenda asidi. Na siki au asidi yoyote isikutane na dawa ya klorini, hewa inayotoka hapo ni sumu.

Maji kidogo kubaki kwenye kisima siyo hitilafu. Yanalinda mpira wa pampu usikauke. Yakivuka chujio, hapo kweli hayatoki: angalia mpira wa kutolea maji kama umejikunja, kisha chomoa umeme, kausha kisima kwa sponji na upapase penye pangaboi la pampu ya kutolea. Vaa glavu, kwa sababu kinacholikwamisha mara nyingi ni kipande cha glasi.

Mashine inayonguruma ikisukuma maji bila kukoma, na haitaki kuanza, ina maji kwenye sinia la chini kabisa. Boya limepanda na kubonyeza swichi, nayo inajiokoa. Watu huiinamisha, maji yakatoka, ikawaka, wakashangilia. Wiki ijayo wananiita. Tafuta yalikotoka. Chanzo ninachokikuta sana ni mtu aliyeishiwa vidonge akatia sabuni ya maji ya sinki, povu likatoka kila upenyo.

Vyombo vikitoka baridi na unga wa sabuni umebaki, shuku hita, yaani kile kifaa kinachopasha maji moto. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 ukiipima ukinzani wake kwa mita itasoma karibu omu 26. Ikisoma hivyo, tatizo liko kwenye bodi ya umeme inayoiongoza mashine au kwenye waya. Isiposoma kabisa, imekatika. Angalau ndivyo tunavyofundishwa. Mimi kuna siku nimebadilisha hita, nikasafisha chujio, nikakaza viungo vya waya kwa mkupuo mmoja, mashine ikapona, na sikuweza kuapa ni lipi kati ya hayo lililoiponya. Risiti ilisema hita.

Kwa yule mama sikubadilisha kifaa hata kimoja. Nilisafisha chujio na mikono, nikaiendesha tupu kwa moto wa juu kabisa, nikamwomba kwa unyenyekevu aache kuosha kabla ya kuosha. Usiku akanipigia.

"Fundi, vimetoka safi kabisa, nashukuru. Ila leo imechukua karibu saa nzima zaidi ya kawaida yake. Isije ikawa umeiharibu?"